Jinsi ya kuanzisha mfumo wa kuripoti kero za mtaa kwa simu, kuanzia fomu ya kwanza mpaka halmashauri ijibu

Maswali ni yaleyale kila wakati. "Tunataka aplikesheni ya mtaa wetu, tumtafute nani atutengenezee?" "Tuna grupu la WhatsApp limejaa watu ila halmashauri haitusikii, tufanyeje?" "Nimepiga picha shimo nikalituma kila mahali, hakuna aliyekuja, kosa langu nini?" Basi haya hapa majibu yote kwa pamoja, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii kabisa.

Tuanze na la aplikesheni maana ndo linaulizwa kuliko yote. Usitengeneze. Sio sasa hivi. Mtu ambaye maji machafu yanapita mlangoni kwake hatakubali kupakua programu mpya, afungue akaunti, aweke nywila, alafu aje kuitumia mara mbili kwa mwaka. Kinachofanya kazi ni rekodi moja iliyo wazi, kila kero ina namba yake, tarehe yake, picha yake, idara inayohusika, na kuna mtu anaifuatilia mpaka ifungwe. Simu inarahisisha hayo yote lakini haiyafanyi yenyewe.

Angalia FixMyStreet ya Uingereza, ilianzishwa 2007 na shirika la mySociety. Unaweka pini kwenye ramani, unaandika tatizo, mfumo wenyewe unajua pale ni halmashauri gani unaituma ripoti kwao, na ripoti inabaki hadharani kila mtu anaiona. Watu wakiiona wanavutiwa na ramani, kumbe nguvu yake iko kwenye mambo mawili tu: ripoti imefika kwa mhusika sahihi, na imebaki wazi. Hayo mawili nyinyi mnaweza kuyapata kwa fomu ya bure na jedwali.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Watu watatu mpaka watano wanaoaminika. Mmoja apokee na kuhakiki ripoti, mmoja awe wa kwenda ofisini na kupiga simu, mmoja arudishe majibu kwa wakazi. Mkiwa mmoja tu utachoka haraka na kazi itakufa na wewe.
- Laini ya simu ya kazi, isiwe laini yako binafsi. Siku ukiachia kazi laini inabaki na kikundi.
- Barua pepe ya kikundi ambayo angalau watu wawili wana nywila yake.
- Simu janja moja au mbili zenye GPS nzuri, na bando la kutosha.
- Akaunti ya Google Forms au KoboToolbox, yaani huduma za kutengeneza fomu za kujaza kwa simu au kompyuta. Zote zina matumizi ya bure yanayotosha kwa kuanzia.
- Daftari. Ndiyo, daftari la karatasi, utaona kwenye hatua ya tano linafanya nini.

Hamhitaji seva wala mtaalamu wa kompyuta, na hamhitaji mfadhili. Mkianza kwa kusubiri mfadhili mtasubiri sana.

Hatua ya 1: Chagua eneo dogo na kero chache

Kosa la kwanza la karibu kila kikundi ni kutaka kufunika jiji zima na kila aina ya shida. Chukua mtaa mmoja, au hata kipande cha mtaa, na kero tatu tu. Kwa kuanzia nashauri taa za barabarani zisizowaka, mitaro iliyoziba na taka ambazo hazijazolewa. Kwa nini hizo? Kwa sababu zinaonekana kwa macho, picha inathibitisha, hazihitaji ubishi, na kutatuliwa kwake hakusubiri bajeti kubwa. Kero kama migogoro ya ardhi au ukosefu wa ajira ni nzito na ni za kweli, ila huwezi kuzifunga kwa fomu, na ukiziweka mwanzoni mfumo wote utaonekana haufanyi kazi.

Mkishafanikiwa kufunga kero kadhaa ndo muongeze ya nne.

Hatua ya 2: Jua nani anahusika na nini

Hapa ndo pa kutumia muda mwingi na ndo panaporukwa. Ripoti nyingi zinakufa sio kwa sababu ofisi imekataa, ila imefika kwa mtu ambaye kazi sio yake na yeye hana sababu ya kuisogeza mbele. Kwenye miji mingi barabara kubwa inaweza kuwa chini ya wakala wa taifa wakati kibarabara kinachoingia ndani ni cha halmashauri, nguzo ni ya shirika la umeme lakini taa iliyo juu yake ni ya manispaa, bomba la maji safi lina mamlaka yake na mtaro wa maji ya mvua uko kwa watu wengine kabisa, sasa ukituma picha ya bomba lililopasuka kwa idara ya barabara kwa sababu maji yameharibu lami, utazungushwa mpaka ukate tamaa.

Fanya hivi. Chora jedwali lenye safu nne: aina ya kero, ofisi inayohusika, cheo cha mtu wa kuanza naye, na njia anayoipokea (barua pepe, simu, dirishani). Nenda mwenyewe ofisini uulize, kwa heshima, bila kulalamika chochote siku hiyo. Waambie mnataka kujua ripoti za wakazi mziletaje ili ziwasaidie. Uliza na hili: ripoti ikiwa na taarifa gani ndo mnaweza kuifanyia kazi bila kuturudia? Jibu la swali hilo ndo litakuwa fomu yenu.

Angalia pia kama halmashauri ina mfumo wake tayari, namba ya simu ya bure au tovuti ya malalamiko. Kama upo, msiupuuze. Tumieni huohuo kupeleka ripoti, nyinyi mbaki na rekodi yenu pembeni.

Hatua ya 3: Tengeneza fomu fupi

Maswali matano yanatosha:

1. Kero ni ya aina gani? (chaguo tatu tu)
2. Iko wapi? (lokesheni na alama ya karibu)
3. Umeiona lini?
4. Inaathiri vipi? (sentensi moja)
5. Namba yako ya simu, ukipenda, ili tukujulishe ikishughulikiwa.

Basi. Usiulize umri, kabila, kazi, namba ya kitambulisho, eti "tutazihitaji baadaye". Kila swali la ziada linafukuza watu, na kila taarifa ya mtu unayoikusanya unabeba jukumu la kuilinda. Nchi nyingi zina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi siku hizi, Kenya ilitunga ya kwake 2019 na Tanzania 2022, na hazichagui kama wewe ni kampuni kubwa au kikundi cha mtaa.

Angalizo kwa wanaotumia Google Forms: ukiweka swali la kupakia picha, mtu atalazimika kuingia kwanza kwenye akaunti ya Google. Wengi wataishia hapohapo na wewe utadhani watu hawana mwamko. Dawa yake ni fomu isiwe na picha, na picha zije kwa WhatsApp kwenye laini ya kazi zikiwa na namba ya kero. Au tumia KoboToolbox, yenyewe inapokea picha na lokesheni, na pia inafanya kazi bila intaneti, unajaza ukiwa mtaani alafu data inapanda ukipata mtandao. Kama mtakuwa na watu wanaozunguka kukusanya, chukueni Kobo moja kwa moja.

Jaribu fomu na watu ambao hawajui chochote kuhusu mradi. Kaa pembeni, usiwasaidie, angalia wanakwama wapi. Wakikwama rekebisha swali, usianze kumfundisha mtu.

Hatua ya 4: Lokesheni iwe sahihi

"Karibu na duka, nyuma ya msikiti" inamtosha jirani, fundi wa halmashauri ambaye hajawahi kufika hapo haimsaidii. Njia rahisi kuliko zote ni Plus Code. Fungua Google Maps, bonyeza na ushikilie pale kwenye kero mpaka pini itokee, shuka chini utaona kodi fupi yenye herufi, tarakimu na alama ya kujumlisha katikati. Kodi kamili inaonyesha eneo la takriban mita 14 kwa 14, hata pasipo na jina la barabara wala namba ya nyumba. Inatosha kabisa kwa shimo au nguzo.

Ukitumia namba za GPS, chukua tarakimu tano baada ya nukta. Tano zinakupa usahihi wa karibu mita moja, nne zinakupa kama mita 11, ukikata zikabaki mbili umeshaondoka kilomita nzima na fundi ataenda mtaa mwingine. Na subiri kidogo simu itulie nje kwenye uwazi kabla hujachukua, GPS ikiwashwa ndani ya nyumba inadanganya.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za lokesheni zilizokuwa ndani ya picha zinaondolewa. Kwa hiyo usitegemee kwamba "picha ina lokesheni". Mwambie mtu atume picha, alafu atume lokesheni peke yake kwa kitufe cha kushare lokesheni, au atume picha kama dokumenti. Upande wa pili wa jambo hili ni usalama: picha halisi iliyopigwa mtu akiwa mlangoni kwake inaweza kubeba lokesheni ya nyumba yake. Kabla hujaiweka hadharani ondoa hiyo taarifa, au pandisha skrinishoti ya picha badala ya picha yenyewe.

Hatua ya 5: Weka njia kwa wasio na simu janja

Hii sio hatua ya hiari. Boston kule Marekani waliwahi kuwa na programu inaitwa Street Bump, simu ikiwa ndani ya gari inahisi mtikisiko gari likipita kwenye shimo na kuripoti yenyewe. Wazo zuri sana, ila simu janja na magari viko zaidi kwa wenye kipato, kwa hiyo data ikiachwa vilevile inaonyesha mashimo ya mitaa yenye nafuu na mitaa ya wazee na wenye kipato kidogo inaonekana kama haina shida. Fomu yenu itafanya hivyohivyo msipoangalia.

Kwa hiyo: laini ya kazi ipokee meseji za kawaida na simu za kupigwa, na kuwe na saa zinazojulikana ambazo mtu anapokea. Pia kuwe na lile daftari, likae mahali watu wanapopita, mtu anaandika au anaandikiwa, na jioni mmoja wenu anaingiza kwenye fomu. Aliyeandika kwenye daftari apewe namba ya kero sawasawa na aliyejaza mtandaoni.

Kila mwisho wa mwezi angalia ramani ya ripoti zako (ya kuitengeneza iko hatua ya 8) na ujiulize ni kona gani haina ripoti hata moja. Kona isiyo na ripoti mara nyingi sio kona isiyo na shida. Nenda kwa miguu ukaone.

Hatua ya 6: Hakiki kabla hujatuma

Ripoti moja ya uongo ikifika ofisini inaharibu jina la ripoti nyingi za kweli. Kila inayoingia mtu aiangalie: ipo kweli? imesharipotiwa? ni ya idara gani?

Ripoti zinazojirudia usizifute. Ziunganishe chini ya namba moja na uandike ni watu wangapi wameripoti. Hiyo idadi ni silaha, ofisi inaelewa tofauti kati ya malalamiko ya mtu mmoja na kaya tisa.

Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi kwa SMS na mtandao na kuziweka kwenye ramani, limetumika sehemu nyingi duniani tangu hapo, na kazi ngumu ya kila anayelitumia ni hiyohiyo, kuhakiki. Programu haikuhakikii.

Kwenye picha ficha nyuso za watu, namba za magari na ndani ya nyumba za watu. Na msipokee ripoti za kumtaja mtu kwa jina, eti fulani ndo anamwaga taka. Andikeni tatizo na mahali lilipo. Mkianza kutaja watu mtageuka chombo cha kulipiziana visasi na siku mbili tu mtapoteza imani ya mtaa.

Hatua ya 7: Tuma ripoti inayoweza kufanyiwa kazi

Hii ndo aina ya ujumbe ambao ofisi inapokea kila siku:

*"Jamani mtaro wetu umeziba tunateseka sana, viongozi mko wapi??? Tumechoka!!!"*

Ni wa kweli, na uchungu wake unaeleweka, ila afisa akiusoma hana cha kufanya nao. Mtaro upi? Uko wapi? Ulinganishe na huu:

*"Kwa Idara ya Ujenzi. Kero namba 047. Mtaro umeziba kwa mchanga na chupa za plastiki, urefu wa hatua kama ishirini, upande wa kushoto ukitokea lango la shule kuelekea kituo cha basi. Plus Code iko chini. Kaya sita zimeripoti. Mvua ikinyesha maji yanaingia nyumba nne. Picha mbili zimeambatishwa, zimepigwa leo asubuhi. Tunaomba kujua tarehe ambayo mtaro utasafishwa, au jina la ofisi inayohusika kama sio yenu."*

Angalia sentensi ya mwisho, ndo yenye kazi. Inampa afisa majibu mawili mepesi, tarehe au jina la ofisi nyingine, na yoyote atakayotoa yanawasogeza mbele. Ukimaliza na "tunaomba msaada wenu" hajui umeuliza nini, atajibu "tumepokea" na imeishia hapo.

Tuma kero moja kwa barua moja, usirundike kumi pamoja. Omba namba ya kumbukumbu ya ofisi yao. Ukipeleka kwa mkono, beba kopi mbili na moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ukiwa na muhuri mazungumzo ya wiki zijazo yanabadilika kabisa.

Nakala apelekewe diwani, ila kama taarifa, sio kama mashtaka. Diwani akikutana na namba na picha kwenye simu yake kabla ya kikao anakuwa na kitu cha kusimama nacho, na wengi wanashukuru.

Hatua ya 8: Weka jedwali hadharani

Kila mtu aweze kuona: namba ya kero, aina, mahali, tarehe ya kuripotiwa, tarehe ya kutumwa, ofisi, hali yake. Kwa hali tumia maneno manne tu: *imepokelewa, imetumwa, imejibiwa, imefungwa.* Mkiweka mengi zaidi mtaanza kubishana iko ipi.

Onyo kubwa sana hapa. Usishare linki ya lile faili ambalo fomu inamwaga majibu, maana lina namba za simu za watu, na hata ukificha safu au ukurasa mtu mwenye linki anaweza kutengeneza kopi yake na kuvifichua. Fungua faili jipya kabisa, lenye safu za wazi tu, uweke taarifa huko. Hilo ndo la kushare.

Mkitaka ramani, uMap au Google My Maps zinatosha. Na kama mtaa wenu kwenye ramani ni sehemu nyeupe tupu, chukueni muda kuuchora kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuiboresha. Kibera pale Nairobi palikuwa karibu hapaonekani kwenye ramani za umma mpaka vijana wa hapohapo walipoanza kupachora 2009 kupitia Map Kibera. Dar es Salaam nayo mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakapita mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, njia na mitaro ili ijulikane mafuriko yanapita wapi. Ukiwa na ramani ya mitaro mkononi huendi tena ofisini kuomba huruma, unaenda kuonyesha maji yanakwama wapi.

Hatua ya 9: Rudisha majibu kwa aliyeripoti

Ukiniuliza hatua moja isiyoruhusiwa kuachwa ni hii. Mtu aliyeripoti apate meseji: ripoti yako namba fulani imetumwa idara fulani tarehe fulani. Ikijibiwa, meseji. Ikifungwa, meseji na picha ya baada, ipigwe pale pale ilipopigwa ya kwanza, upande uleule, ili mtu aone tofauti bila maelezo. Na ikikataliwa pia aambiwe imekataliwa na sababu ni nini. Watu wanavumilia jibu la hapana. Ukimya ndo unaowafanya wasiripoti tena.

Usiifunge kero kwa neno la ofisi peke yake. Mtu wenu aende aone. Na ikishafanyika kweli, washukuruni hadharani mkitaja idara. Ofisi nyingi hazijawahi kushukuriwa na mtu, na fundi aliyetoka juani kufungua mtaro anastahili.

Hatua ya 10: Peleka rekodi kwenye bajeti

Baada ya miezi kadhaa mtakuwa na kitu ambacho huenda halmashauri yenyewe haina: orodha ya nini kinaharibika wapi, mara ngapi, na kinachukua siku ngapi kutengenezwa. Hapo ndo kuripoti kunageuka kuwa demokrasia hasa, kwa sababu mtaro uleule ukiziba mara tano jawabu sio kuuzibua mara ya sita, jawabu ni kuujenga upya na hiyo ni pesa ya bajeti.

Ulizeni mapema kalenda ya bajeti, maoni ya wananchi yanapokelewa lini na wapi. Mkifika baada ya bajeti kupitishwa mmeshachelewa mwaka mzima. Andaeni ukurasa mmoja, sio ripoti ya kurasa arobaini: kero tatu zinazojirudia zaidi, ramani, picha, na mnachoomba.

Bajeti shirikishi, yaani wananchi kushiriki kupanga pesa za umma zitumike wapi, haikuanza na kompyuta. Porto Alegre ya Brazil ilianza 1989 kwa watu kukutana ukumbini na kupanga vipaumbele vya mitaa yao. Mtandao ulikuja baadaye kupanua mlango, kama Barcelona na jukwaa lao la Decidim ambalo ni programu huria, mwananchi anatoa pendekezo, wengine wanaliunga mkono, na anaweza kufuatilia liliishia wapi. Kwenye majadiliano yenye ubishi kuna funzo zuri Taiwan, mchakato wa vTaiwan wa kujadili sera kwa mtandao ulitumia Polis, chombo ambacho unakubali, unakataa au unaruka kauli za wenzako lakini hakuna kitufe cha kumjibu mtu, kwa hiyo malumbano hayapati pa kuwakia na yale ambayo pande zote zinakubaliana yanaonekana. Mnaweza kuiga hilo hata kwa fomu ya kawaida: kauli kumi fupi, nakubali, sikubali, sina uhakika.

Mkikwama

*Watu hawaripoti.* Mara nyingi hawajaona kero hata moja ikifungwa. Chagueni moja rahisi, isukumeni mpaka mwisho, alafu sambazeni picha ya kabla na baada kwenye grupu. Hiyo inafanya kazi kuliko matangazo yoyote.

*Ripoti zinaingia nyingi kuliko uwezo wetu.* Funga kupokea aina mpya, punguza eneo, sema wazi kwamba mmepunguza. Kupokea na kutofuatilia ni kubaya kuliko kutopokea.

*Grupu limejaa siasa na matusi.* Usiliache grupu la mjadala liwe ndo sehemu ya kuripoti. Fanya grupu la matangazo ambalo maadmini tu wanaandika, ripoti zote ziende kwenye fomu au laini ya kazi. Na kikundi kisiwe cha chama chochote, kikionekana kina rangi tu, nusu ya mtaa imeshaondoka.

*Halmashauri haijibu kabisa.* Subiri wiki mbili, tuma kumbusho ukiambatisha nakala yenye muhuri. Bado kimya, panda ngazi moja juu, sio tano. Bado? Tumia sheria ya kupata taarifa kama nchi yako inayo. Kenya na Tanzania zote zina ya 2016, Kenya ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21 na Tanzania siku 30. Omba kitu mahususi: ratiba ya kusafisha mitaro ya eneo fulani, au mkataba wa kuzoa taka. Ukiomba "taarifa zote kuhusu mazingira" watakuwa na sababu ya kukuchelewesha.

*Kampuni imetupa mfumo wa bure wa jiji janja (huduma za mji kuendeshwa kwa data na vifaa vya kidijitali).* Uliza kabla hujafurahi: data inakaa wapi, nani anaiona, tukitaka kuondoka tunaondoka nayo? Toronto kule Kanada ulikuwepo mpango mkubwa wa mtaa wa namna hiyo wa Sidewalk Labs, iliyokuwa kampuni dada ya Google, ulitangazwa 2017 na ukafutwa 2020. Kampuni ilitaja hali ya uchumi ya wakati ule, lakini miaka yote hiyo wakazi walikuwa wanauliza data zao zitakuwa za nani. Kama majibu hayapo kwa maandishi bakini na jedwali lenu.

*Mtu ameripoti rushwa au vitisho kwenye fomu.* Usiichapishe na usiiingize kwenye jedwali la kawaida, hata lile la ndani. Mjulishe kwa faragha kuhusu chombo rasmi cha kuzuia rushwa au msaada wa kisheria, alafu ufute ulichopokea kwa makubaliano naye. Fomu yenu haina ulinzi wa kutosha kwa jambo la namna hiyo na maisha ya mtu sio ya kujaribia.

*Tunaweza kupiga kura za mtaa kwa fomu hiihii?* Kuuliza maoni sawa, kura ya kuamua hapana. Estonia wanapiga kura mtandaoni tangu 2005 lakini nyuma yake kuna kitambulisho cha kidijitali cha taifa kinachothibitisha mpigaji ni nani. Fomu ya bure mtu anaweza kuijaza mara thelathini kwa simu mbili. Tumieni fomu kukusanya mapendekezo na kuyapunguza, uamuzi ufanyike mkutanoni watu wakionana, na matokeo yake yaingizwe kwenye jedwali siku hiyohiyo kabla hamjatawanyika.